Kitambaa cha Tramu ya Kijani

Neville, mpiga picha wa tramu, alipanda ngazi yake kando ya reli, akaninyoshea kiganja nisimame. Nyuma yake walijipanga wenzake kumi na wawili wenye kamera, wakiikodolea macho tramu yangu ya kijani, gari la abiria la reli za barabarani, kama warithi kwenye jeneza la tajiri.

Ilikuwa safari ya mwisho ya tramu hiyo, na yangu pia, baada ya miaka thelathini na mmoja. Asubuhi nilikuwa nimenyoa ndevu kwa ajili ya picha.

"Mzee, inama kidogo," Neville aliniambia. "Sura yako inaharibu kioo."

"Mimi ndiye dereva."

"Tunajua. Tunataka tramu tu. Inama, jua linatukimbia."

Wenzake wakacheka. Wote walikuja kwa magari yao.

Nikainama. Juu ya kichwa changu kuna kishikio cha chuma kinachozungusha kitambaa kinachoonyesha tramu inakokwenda. Kilisomeka "St Kilda", mtaa wa ufukweni, kama walivyoagiza kwa barua. Nikamwomba Mungu anisamehe, kisha nikazungusha polepole, mpaka maneno yakasimama: "Haipakii Abiria".

Neville akashusha kamera. "Rudisha St Kilda, mzee. Tafadhali."

Niliketi wima nyuma ya kioo, nikaweka kofia sawa, nikasubiri wanipige picha.