Ukuta wa Fuko

Nungunungu mwenye majivuno alimwita Fuko amchimbie nyumba. Fuko alikuwa fundi hasa, ila akilala tu, yote yanafutika kichwani.

Siku ya kwanza Nungunungu aliamuru wachimbe kushoto, kwenye udongo laini. Maji ya mto yakawavamia, wakaziba kwa shida.

"Niandikie ukutani tulichojifunza leo, bosi," Fuko alisema akipiga miayo. "Kesho nitasoma kwa kupapasa."

Nungunungu aliona aibu, akaandika: "Kazi imekwenda vizuri. Nungunungu ameongoza kwa busara."

Asubuhi, Nungunungu akiwa bado amelala, Fuko alipapasa ukuta, akaridhika, akaanza tena kwenye udongo laini. Maji yakawafika shingoni.

"Si jana tu tuliponea chupuchupu hapahapa?" Nungunungu alifoka.

"Ukutani sikukuta maji, bosi," Fuko alijibu huku akiogelea. "Nilikukuta wewe tu."