Ukimruhusu Mmoja

Siku aliyozikwa mkewe, walianza kuingia kwa mlango wa jikoni.

Fundi viatu aliwaona, akawaacha. Mtu aliyetoka kumfukia mwenzake aliyeishi naye miaka thelathini na moja hana macho ya kuangalia nani kaingia na nani katoka. Alikaa kwenye kigoda chake, akatazama ukuta. Kufikia Ijumaa walikuwa na njia yao: mlangoni, kabatini, kwenye kopo la sukari, kisha nje tena, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na mzigo wake.

Enzi za marehemu hakuingia hata mmoja. Alikuwa mshona nguo, mwili mdogo kama pini, lakini mlango ule aliulinda kama benki. Sukari aliifunga kwa kifuniko cha kuzungusha. Meza aliifuta kwa siki hata kama haikuliwa kitu. "Ukimruhusu mmoja," alikuwa akisema, "umeruhusu ukoo."

Wiki ya pili sukari ikaisha. Fundi akanunua nyingine, nayo ikaenda njia ile ile. Unga ukafuata.

Wiki ya tatu wakavuka sebule, wakaingia chumba cha kushonea.

Hapo ndipo moyo ulipomlipuka. Kwenye cherehani, chini ya sindano, kulikuwa na shati lake la bluu. Mkewe alikuwa amemaliza mkono wa kushoto, akasema kichwa kinamgonga, acha akajinyooshe kidogo, atamalizia akiamka. Sindano ilikuwa bado imezama kwenye kitambaa. Tangu siku ile fundi hakuligusa shati hilo, hata vumbi hakulipangusa. Jumatano akamkuta mmoja hapo mezani, anagusagusa kola.

Alivaa viatu, akaenda duka la dawa za wadudu.

Muuzaji, mama mcheshi aliyeshonewa magauni yake yote na marehemu, alimpa pole kwanza, kisha akaegemea kaunta kama daktari.

"Haya, fundi. Wadogo au wakubwa?"

"Wa kila saizi."

"Weusi au wekundu?"

Fundi akafikiri. "Mchanganyiko."

"Hee! Wanauma?"

"Bado. Lakini ukimzibia mmoja njia, anakutazama."

"Na wanapenda nini? Maana wapo sisimizi wa sukari, wapo wa mafuta."

"Hawa wanapenda vyote. Hata vijiko. Vimebaki viwili."

Muuzaji akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Fundi jamani! Sisimizi gani wanaobeba vijiko?"

"Wa kwako labda hawabebi."

Kicheko kikakatika. Mama alimtazama kama mtu anavyotazama kikombe chenye ufa, akipendacho.

"Sikiliza, baba," akasema taratibu. "Dawa nitakuuzia, lakini dawa si kitu. Ukimuua mmoja, mia wanakuja kumzika."

"Hilo nimeliona," fundi akajibu.

"Basi usiue. Kwanza ondoa chakula, chote, usibakize punje. Wakikosa, watatoka wenyewe kwenda kuhangaika kwingine. Pili, yule wa kwanza huacha alama njiani, ndiyo wenzake wanayoifuata. Ifute kwa sabuni na siki. Tatu, wakishatoka, ziba tundu wanalopitia. Na usiwaonee haya! Wao hawana soni, wewe soni ya nini?"

"Hata kama wameshazoea?"

"Hasa kama wameshazoea."

Akanunua pakiti moja ya dawa kwa adabu tu, akaondoka.

Alhamisi asubuhi na mapema, fundi alitia sukari, unga, mafuta na majani ya chai kwenye gunia la ngozi za viatu, akavipeleka kibandani kwake kazini. Hata chumvi hakuiacha. Aliporudi, alikaa kigodani, akatazama. Walizunguka jikoni, juu chini, juu chini. Walilizunguka kabati. Walikutana njiani, wakasimama uso kwa uso kidogo, kana kwamba wanapeana habari, kila mmoja akaendelea. Saa nne hivi mmoja akatangulia kutoka. Wengine wakamfuata, mmoja nyuma ya mwenzake. Nyumba ikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Fundi hakupoteza muda. Alichukua ndoo, sabuni na chupa ya siki ya marehemu, akafuta njia yao kuanzia sakafu ya jikoni, kizingiti, mpaka kona ya barabara, pale ilipoanzia alama yenyewe. Alisugua ukuta wa pale konani mpaka chaki yote ikatoka. Kisha likabaki tundu. Alilipima kwa kidole, akaenda duka la vifaa, akarudi na cha kuzibia, akakikaza kwa skrubu nne. Mlango wa mbele akaupiga komeo.

Akarudisha sukari. Akachemsha maji.

Saa saba mchana ufunguo wa marehemu uliingia kwenye kitasa kipya cha jikoni, ukagoma kuzunguka. "Shemeji!" dada mkubwa wa marehemu aliita, na nyuma yake wadogo zake wanane walikuwa wamejipanga, kila mmoja na mfuko mtupu. "Shemeji, fungua! Na nani huyo kafuta mshale wa msiba pale kona? Wenzetu wanaokuja kesho watafikaje?"

Ndani, fundi alikoroga chai kwa kijiko kimoja kati ya vile viwili. Shati bado liko chini ya sindano, na mkono wake mmoja.