Mguu wa Sala

Jumanne ya kiangazi, saa kumi na robo jioni, Heroe, ndege wa miguu mirefu na mkuu wa bwawa, alitangaza: "Bwawa hili ni la wanaosali kwa mguu mmoja. Wengine wasinywe!"

Bi Kwale, mlinzi wa lango, naye alisali hivyo hivyo. Lakini jirani yake Kobe, ambaye hata miguu mitatu humshinda, angekufa kwa kiu.

"Mguu upi, kaka?" Bi Kwale aliuliza.

"Wa kushoto, bila shaka!"

"Mama yako husimamia wa kulia. Nimfukuze?"

"Thubutu!" Mama Heroe, aliyekuwa akinywa ukingoni, alimwakia mwanawe. "Nani alikufundisha kusimama, wewe?"

Heroe aliinamisha shingo. "Basi, dada, langoni usiulize tena habari za sala."

Kesho yake asubuhi Bi Kwale alisali nyumbani kwake, kwa mguu mmoja, kisha akaenda kumfungulia Kobe lango.