Kisigino cha Kushoto

"Kisigino!" Célia alifoka.

Hakuinua hata macho. Mbele ya meza yake ya kugawa msaada, mlangoni pa ghala, kina mama walijipanga, watoto mgongoni, na kila aliyefika alichomoa mguu wa mwanawe kutoka ndani ya kapulana, kitambaa cha kubebea. Célia alikagua kisigino cha kushoto, akakipaka wino wa zambarau, ule wa kuchovya vidole siku ya kupiga kura, kisha akasukuma pakiti moja ya fralda, nepi za msaada. Mwenye wino hapati tena.

Siku ya kwanza alitaka kufunua nyuso. Kina mama wa Palma wakamjia juu: mtoto mchanga afunuliwe mbele ya mgeni, ana jicho gani huyu? Ikabidi wakubaliane ikaguliwe miguu. Célia hakuwasamehe. Huruma, kama aliwahi kuwa nayo, aliisahau mjini Pemba alikotoka. Machoni pake wote walikuwa wezi mpaka kisigino kiseme vinginevyo.

Yeye mwenyewe alikuwa na mwana, Valter, wa miezi minane. Nyumba yao ilikuwa nyuma tu ya ghala, na siku zote yaya wake, Awa, mama mtu mzima wa Olumbi, humleta kunyonya. Leo Célia alimkataza. Mwanawe aje kuvuta hewa ya watu hawa, na vikohozi vyote vile? Thubutu!

"Kisigino!"

"Sikuja naye, Dona," alisema mwanamke mwembamba aliyeitwa Atija. "Ana shurua. Nikimleta ataambukiza watoto wote hawa. Na tumbo linamwendesha."

"Hakuna mtoto, hakuna fralda."

"Tumekimbia vita Olumbi na nguo za mwilini tu, Dona. Vitambaa havikauki kwa mvua hii. Mwenye nyumba kasema mkeka wake ukichafuka tena leo, tutalala nje. Na homa ile aliyonayo mtoto!"

"Kila mmoja na hadithi yake. Jana mwingine kaniletea tikiti maji, kalifunga mgongoni." Foleni ikaangua kicheko. Célia hakucheka. "Na mnaazimana watoto kama mnavyoazimana vinu. Toka!"

Atija alibaki pale pale.

"Unataka mtoto, Dona?"

"Nataka kisigino."

"Basi utakiona."

Abibo, mlinzi, akamshika mkono akamtoa nje ya geti.

Alirudi karibu na adhuhuri. Foleni ilikuwa imeyumba kwa uchovu na mvua ilikuwa imekatika. Mgongoni alikuwa na mtoto aliyefunikwa gubigubi, mguu mmoja tu nje.

"Kapona mara hii?" Célia aliuliza.

"Kisigino hicho, Dona."

Mguu ulikuwa mnene, laini, unanukia mafuta ya dukani. Célia akaguna.

"Shurua, kuharisha, na kanona hivi? Pesa za mafuta mnazo, za fralda hamna!"

Atija aliusogeza ule mguu karibu zaidi na meza.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Kagua wino, Dona. Si ndiyo sheria yako?"

Ilikuwa sheria yake kweli, na kisigino kilikuwa safi. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Akaubana ule mguu, akakita ukucha kwenye nyama ya kisigino huku akimkodolea macho Atija, aone kama atashtuka. Mtoto akapiga ukelele ndani ya kapulana. Watoto wa foleni nzima wakamwitikia. Atija alifumba macho, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Mmemwona?" Célia aliwapigia kelele waliobaki. "Mama wa kweli, mwanawe akilia hivi, mwili mzima unasikia! Huyu kasimama kama nguzo!"

Blauzi ya Célia ilikuwa imeanza kuloa maziwa. Akawalaani wote kwa kumpitishia saa ya kunyonyesha, akapaka wino kwa nguvu, akaitupa pakiti matopeni. Atija akaiokota, akaipangusa kwa upindo wa nguo, akaondoka mbiombio.

Alasiri Célia aliingia nyumbani bado anafoka. Awa alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Valter alikuwa amekaa mkekani, macho mekundu, soksi miguuni.

"Hawana haya, Awa! Mtoto anabebwa na mtu mwingine, anapelekwa kwenye foleni ya wagonjwa, anafinywa na watu wasiomjua, kisa fralda! Ningempata mama yake ningemtia adabu."

"Pengine mama yake hajui, Dona."

"Mama gani asiyejua mwanawe yuko wapi?"

Awa aliendelea kukuna nazi.

"Na soksi za nini, joto lote hili?"

Célia alimnyanyua mwanawe, akampakata. Akavua soksi ya kulia, akaubusu unyayo. Akavua ya kushoto. Kisigino kilikuwa cha zambarau, na katikati ya wino palikuwa na alama ya ukucha.