Faili la Mishi

Siku hizi kila barua pepe hupitia kwanza kwa Mpatanishi, mashine inayolainisha maneno ili watu wasigombane. Mishi alichoka kusoma barua za mamake zikisikika kama tangazo la benki. Akafungua programu yake kongwe ya kusomea barua pepe kwa maandishi matupu, akaongeza mstari kwenye faili la mipangilio: za mama zije zilivyo.

Ya kwanza ikaingia. "We Mishi, umeolewa na mume au na ukuta? Mwaka mzima hujanitia machoni!"

Mishi alicheka mpaka akalia.

"Futa mstari huo, mke wangu," Mbwana, mumewe, alimsihi. "Onyo la wenye Mpatanishi limeshafika. Watatukatia mtandao. Barua ya kuomba radhi wameshakuandikia, wewe gusa tu iende."

"Wakate. Huyu ndiye mama yangu, na radhi siombi."