Konokono Aliyegandia Gamba la Kobe

Hapo kale wanyama walikuwapo, maji hayakuwapo. Kisima kilikuwa kimekauka, na Kobe akaazimia kwenda mtoni, kaskazini. Kobe hakuwa mwepesi wa akili, lakini akishaelekea mahali hageuki. Konokono, ambaye aligeuzwa na kila sauti, aliogopa kubaki akaomba kubebwa.

“Panda, dada,” alisema Kobe. “Ila gandia gamba langu lenyewe.”

Konokono akaganda. Mashemeji zake, konokono wenzake, wakaja baadaye wakakuta amelijaza gamba lote, basi wakapandana migongoni, tabaka juu ya tabaka.

Njiani Fisi akawafuata kwa nyuma. “Jamani, mnapotea! Maji yako huku kusini, tele!”

Konokono akasadiki papo hapo. Akapinda shingo na kiwiliwili kuelekea kusini, akalia, “Kobe, turudi!” Kobe hakurudi. Fisi aliponyamaza kuvuta pumzi, Konokono akajikuta amenyooka tena kaskazini. Fisi akaita, naye akapinda tena. Aliona haya sana.

Mashemeji wa juu kabisa walikuwa mbali na gamba, wala hawakuwa na cha kuwarudisha. Waligeuka wazima wazima, wakateleza hadi chini, wakamfuata Fisi. Fisi hakuwa na maji. Alikuwa na njaa.

Walipofika mtoni, Kobe akauliza, “Dada, nimekusikia ukibadili nia njia nzima. Umefikaje?”

“Shingo ndiyo iliyokwenda kusini,” akajibu Konokono, huku akinywa. “Tumbo lilikuwa mgongoni kwako.”