Kaseti ya Arobaini

Siku Mwasiti alipofariki, aliacha kaseti moja aliyojirekodi akiimba. Siku ya arobaini yake, wanawake walitaka kurekodi dua, na mama yake, Bi Tunu, akawapa kaseti bila kuiangalia. Jioni alikuta kaseti mbili zinazofanana, ile ya bintiye na nyingine iliyokuwa tupu, asijue kama dua ilirekodiwa juu ya wimbo wa Mwasiti na kuufuta. Kwa miaka mitatu hakuthubutu kusikiliza hata moja.

Leo alibeba moja hadi dukani kwa Faraji, fundi redio, aliyempangia mezani miksa mbili, mashine za kurekebisha sauti.

"Shangazi, unafungua bendi?"

"Ya mtu mmoja. Nataka sauti iingie kwenye kompyuta kabla mkanda haujakatika."

Faraji alicheka, kisha akaona jinsi Bi Tunu alivyoikumbatia kaseti kifuani.

"Basi chukua hii ndogo ya analojia. Unaongeza na kupunguza sauti kwa mkono, na waya wa USB unaipeleka kwenye kompyuta. Taa ya kijani ikiwaka, ujue sauti inaingia."

"Sauti ya nani?"

"Taa haijui, shangazi. Hiyo utajua wewe."

Bi Tunu aliichagua hiyo.

"Tuijaribu hapa hapa?"

Alitaka kusema kesho, lakini akamkabidhi kaseti. Faraji aliunganisha redio kaseti, akatia kaseti ndani, akampa hedifoni za kuvaa masikioni, akabonyeza.

Taa ya kijani iliwaka. Bi Tunu akaiangalia.

"Vaa basi, shangazi."

Kompyuta inarekodi. Hedifoni bado ziko mikononi mwake, na mkanda unazunguka.